Taa ya Nje Ndiyo Inayomaliza Luku

Ukitaka kuokoa umeme kwa kubadilisha taa, usianzie sebuleni. Anzia nje, kwenye balbu ya barazani na ile ya uani karibu na choo, zinazowashwa magharibi na kuzimwa watu wakishaamka. Hapa Dodoma naona watu wananunua taa nzuri ya sebuleni, inawaka kwa muda wa saa tatu kisha inazimwa, na huku nje wameiacha globu ile ile ya zamani, yenye kiwaya ndani, inawaka usiku kucha mwaka mzima. Naandika haya kwa urefu kwa sababu yanatugusa hasa sisi tunaokaa nyumba za kupanga zenye mita moja, na kwa sababu mkate wangu unatokana na mwanga.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani Nkuhungu, chumba cha mbele, na kazi nyingi nazimalizia usiku. Mchana wateja wanaingia na kutoka, tena mwezi wa kumi na wa kumi na moja joto linaloshuka kutoka kwenye bati halivumiliki. Kwenye nyumba yetu tuko familia nne na mita ni moja. Luku, yaani umeme wa kulipia kabla, tunachangishana. Aliyewahi kuishi hivyo anajua kwamba ugomvi wa luku hauanzii kwenye friji wala pasi. Unaanza na swali la nani kaacha taa inawaka.

Hesabu yake si ngumu. Yuniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Huku kwetu jua linatua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na asubuhi linachomoza karibu na muda kama huo, kwa hiyo taa ya nje inawaka kwa muda wa kama saa 12. Globu ya wati 60 ikiwaka saa 12 kila usiku inakula yuniti 21.6 kwa mwezi. Zikiwa mbili, ya mbele na ya uani, ni yuniti 43.2. Weka balbu za LED za wati 9 zenye mwanga ule ule, zote mbili zitakula yuniti 6.48. Hapo umebakiza karibu yuniti 37 kila mwezi na hakuna aliyekaa gizani.

Sasa tazama bei. Mteja wa matumizi madogo, asiyevuka yuniti 75 kwa mwezi, anauziwa yuniti kwa shilingi 100, na akivuka, zile za ziada anauziwa kwa 350. Mteja wa matumizi ya kawaida ananunua kwa 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1, kwa hiyo ile ya 100 inakuwa 122 na ile ya 292 inafika 356. Familia nne kwenye mita moja ni vigumu kubaki chini ya yuniti 75 hata mkijibana, kwa hiyo sisi tunanunua kwa bei ya juu, na yuniti zile 37 ni kama shilingi 13,000 kila mwezi. Kwa anayekaa na mita yake kwenye daraja la chini ni kama 4,500. Lakini huyo naye ana shida yake: globu mbili za nje zinamlia zaidi ya nusu ya yuniti zake za bei nafuu, anabaki na 32 hivi za kuendeshea friji, televisheni, pasi, simu na taa za ndani. Watu wengi wanaolalamika kwamba wamevuka 75 bila kujua wamevukaje, ningewaomba watoke nje usiku waangalie juu. (Makato ya kodi ya jengo ya kila mwezi yapo pale pale, hayapunguzwi na taa yoyote.)

Baba mwenye nyumba wetu anakaa nasi uani. Ni mtu mzima, na kwake taa ya nje ni ulinzi. Nilipomweleza haya alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, taa isiyopata moto ina nguvu gani? Hii yangu ukiigusa unaungua."

Nimekutana na wengi wenye mawazo kama ya huyu mzee, na si mawazo ya kipuuzi. Jiko likiwa la moto ndiyo kazi yake, pasi ikiwa ya moto ndiyo kazi yake, basi na taa je? Lakini kwenye taa joto ni umeme uliopotea. Globu ya kiwaya inageuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa joto, na kinachobaki ndicho mwanga. Ule moto unaounguza vidole tumeulipia kwenye luku, na haumwoneshi mwizi hata kidogo.

Sikubishana naye. Nilimwomba, "Baba, tujaribu ya uani tu, ya mbele ibaki kama ilivyo." Fundi umeme akaja akaweka ya LED. Usiku ule mzee alitoka akaenda kusimama karibu na ukuta wa nyuma, akaniambia nisimame mlangoni nimtajie alichoshika mkononi. Ilikuwa rungu lake na kofia. Nikamtajia. Akarudi upande wa mbele akafanya hivyo hivyo chini ya globu yake. Hakusema kitu usiku ule. Kesho yake asubuhi, tulipoamkiana, akasema ya mbele nayo ibadilishwe, na pesa itoke kwenye mchango wa luku ili isiwe mzigo wa mtu mmoja. Nilimheshimu sana kwa jambo lile. Alitaka kuona kwa macho yake, akaona, akakubali.

Ukifika dukani, kosa linaloumiza wengi ni kuuliza wati. Wati ni umeme unaoliwa. Mwanga unapimwa kwa lumeni, na lumeni zimeandikwa kwenye boksi, mara nyingi kwa herufi ndogo pembeni. Kumbuka namba hizi: globu ya zamani ya wati 40 ilikuwa inatoa kama lumeni 450, ya 60 kama 800, ya 75 kama 1,100, na ya 100 kama 1,600. Ukitaka mwanga wa ile ya 60, tafuta boksi lenye lumeni 800 au zaidi kidogo, na kwa LED utakuta ni wati 8 hadi 10. Kwenye zile enaji seva za mrija uliosokotwa ingekuwa wati 13 hadi 15.

Pia gawanya lumeni kwa wati kabla hujatoa pesa. Balbu za LED za kawaida madukani hutoa lumeni 80 hadi 100 kwa kila wati, na nzuri zaidi huvuka hapo. Kwa hiyo boksi la wati 9 likikwambia lumeni 800 au 900, linaweza kuwa kweli. Likikwambia 2,000, lirudishe. Na likiandika wati 100 kwa maandishi makubwa mekundu halafu chini lumeni 800, jua kwamba ni mwanga wa globu ya 60 uliopewa jina la mkubwa wake. Pale Majengo nimeyaona maboksi ya kila aina yakiwa rafu moja, bei zikipishana kidogo tu, na muuzaji mwenyewe anasoma yale maandishi makubwa kama sisi.

Kwa taa ya nje angalia na rangi ya mwanga, inayoandikwa kwa kelvini. Namba 2,700 hadi 3,000 ni mwanga wa njano, 4,000 ni mweupe wa kawaida, 6,500 ni mweupe unaoelekea bluu. Watu wengi wanachukua 6,500 kwa nje kwa sababu unaonekana mkali. Mimi nashauri 3,000 au chini yake. Wadudu wa usiku huvutwa zaidi na mwanga wenye bluu nyingi kuliko wa njano, na mvua zetu zikianza mwezi wa kumi na mbili, kumbikumbi wanajaa mlangoni, wakifuatwa na vyura na mijusi. Msimu huo ndio wa sare za shule, na sare nyeupe iliyotandikwa mezani ikijaa mabawa ya kumbikumbi ni hasara kwangu. Mwanga wa njano hauwazuii wote, ila wanapungua, na mlango unaweza kubaki wazi upepo uingie.

Jambo lingine la nje ni kifuniko. Balbu ya LED haipeleki moto mbele kama globu, lakini ndani ya shingo yake kuna kifaa kidogo kinachobadilisha umeme, na hicho ndicho hufa kwa joto. Ukiifungia ndani ya bakuli la kioo lisilopitisha hewa, chini ya bati lililopigwa na jua mchana kutwa, haitamaliza saa 15,000 ulizoandikiwa kwenye boksi. Hizo saa, kwa taa ya usiku kucha, ni zaidi ya miaka mitatu. Globu ya kiwaya hukadiriwa saa 1,000, maana yake haifiki miezi mitatu ya usiku mzima. Kwa hiyo anayesema LED ni ghali alinganishe na globu zote atakazonunua muda huo. Sisi tuliondoa kifuniko cha mbele kabisa kwa kuwa paa la baraza linazuia mvua. Vumbi la kiangazi linashika, basi kila likizidi taa inazimwa, ikipoa inafutwa kwa kitambaa kikavu.

Zipo zenye jicho la kuhisi giza, zinajiwasha na kujizima zenyewe. Kwa nyumba ya wapangaji ni nzuri mno, maana hakuna anayekumbuka kuzima asubuhi.

Niende kwenye meza yangu sasa, ambako nimehangaika na taa kuliko mahali pengine.

Fundi cherehani anayefanya kazi usiku ana adui wa kwanza: rangi zinazodanganya. Maruni na kahawia, bluu ya giza na nyeusi. Unachagua uzi usiku, unaona umelingana, mteja anakuja asubuhi unakuta mshono umesimama peke yake kama mstari wa chaki. Sababu yake iko ndani ya taa yenyewe. LED nyeupe kwa asili ni taa ya bluu iliyopakwa unga wa njano, na bluu na njano zikichanganyika jicho linaona nyeupe. Ile bluu ilisumbua wanasayansi miaka mingi hadi ikapatikana, na watatu waliozaliwa Japani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Lakini kwenye taa za bei rahisi nyekundu inakuwa pungufu, na kitambaa chenye wekundu ndani yake kinakufa. Maruni inageuka kahawia mbele ya macho yako.

Kipimo cha hili kimeandikwa kwenye boksi kama Ra au CRI. Mwisho ni 100. Ikiwa 80 inatosha kwa nyumba, na kwa meza ya ushonaji, saluni au duka la vitenge nashauri 90 na kuendelea. Boksi lisilotaja kabisa, lipime mwenyewe. Mimi naenda dukani na vipande vya nguo kwenye mkoba: maruni, kahawia, bluu ya giza, nyeusi, na kimoja cha kitenge chenye nyekundu na chungwa. Namwomba muuzaji awashe balbu, navitandaza chini yake. Kisha natazama kiganja changu. Kiganja kikionekana cha kijivu kama cha mgonjwa, taa hiyo haifai kushonea. Wauzaji wameshanizoea, na mmoja sasa ananiwashia mbili kwa pamoja nilinganishe bila kuombwa.

Adui wa pili ni kumetameta. Umeme wetu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na taa ambayo kifaa chake cha ndani ni hafifu inazima na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila kichwa kinauma na macho yanachoka mapema. Kwenye cherehani ni hatari kabisa: gurudumu linazunguka kasi lakini chini ya taa hiyo linaweza kuonekana kama linakwenda taratibu au limesimama, na sindano vivyo hivyo. Kidole kinaingia. Kupima ni rahisi. Washa kamera ya simu, ielekeze kwenye taa kwa karibu. Ukiona mistari mizito ya giza inatembea kwenye kioo cha simu, iache.

Tazama pia kiwango cha volti. Umeme wetu ni volti 230, lakini jioni watu wote wakiwasha, mitaa ya mwisho wa laini inapungukiwa, na globu ya zamani hufifia ikawa nyekundu. Balbu ya LED iliyoandikwa kuanzia volti 85 au 100 hadi 265 inabaki na mwanga ule ule. Kwa mtu anayetunga uzi saa tatu usiku hilo lina thamani kuliko wati zilizookolewa.

Halafu usitegemee taa ya dari kushonea. Taa ile ile ukiisogeza kutoka mita mbili hadi nusu mita juu ya kitambaa, mwanga unaofika kwenye mshono unaongezeka mara 16. Ndiyo maana taa ya mezani ya wati 5 yenye shingo ya kukunja, iliyowekwa upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, inanitosha kuliko tyubu laiti juu ya kichwa changu. Mteja akiingia nawasha ya juu, akitoka nazima.

Vyumba vingine havina maneno mengi. Chooni weka LED ndogo ya wati 3 au 5, kwa sababu inawashwa na kuzimwa mara nyingi, na enaji seva za mrija hufa mapema zikifanyiwa hivyo, tena zinachelewa kupata mwanga kamili. Jikoni weupe wa 4,000 unasaidia kuchambua mchele. Chumba cha kulala njano. Na kabla hujatoka nyumbani angalia holda yako, kama ni ya pini mbili au ya kuzungusha, usije ukapanda daladala mara mbili kwa kitu kimoja.

Dada wa chumba cha mwisho alikuja kuniambia balbu yake mpya ina jini, kwa sababu swichi ikizimwa inabaki na mwanga hafifu kama kimulimuli. Hii ni alama ya kuzingatia. Mara nyingi swichi imefungwa kwenye waya wa nyutro badala ya waya wenye moto, au swichi ina kitaa kidogo cha kuonyesha ilipo. Cha pili hakina madhara. Cha kwanza ni cha hatari, maana holda inabaki na moto hata swichi ikiwa imezimwa, na anayebadilisha balbu anaweza kupigwa. Kwake ilikuwa cha kwanza, na fundi alikigeuza siku ile ile. Globu ya zamani isingetuonyesha kamwe.

Nisiwadanganye kuhusu ukubwa wa uokoaji ndani ya nyumba. Pasi yangu ikikaa na moto saa moja tu inakula karibu sawa na balbu ya wati 9 inayowaka saa tano kila usiku kwa mwezi mzima, yaani yuniti moja na kidogo. Kwa hiyo nguo za wateja nazikusanya nizipige pasi kwa pamoja, siiwashi kwa shati moja. Anayepikia umeme, au anayechemsha maji ya kuoga kwa hita baridi ya mwezi wa sita inapofika, asitarajie balbu zimwokoe.

Kuna hoja naisikia sana siku hizi, kwamba Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, umeme umejaa, kwa nini tujibane? Nafurahi kuliko wengi, maana mgao wa umeme ulinipotezea wateja, na zamani ukipita bwawa la Mtera kwenda Iringa ukaona maji yamerudi nyuma ulikuwa unajua giza liko njiani. Mtera kwenyewe ni megawati 80, na ndiyo inayotunzia maji kituo cha umeme cha Kidatu chenye 204. Lakini wingi wa umeme Rufiji haujabadilisha namba iliyoandikwa kwenye risiti yangu ya luku. Yuniti iliyopotea kwenye joto la globu nailipa bei ile ile.

Kuhusu enaji seva za mrija mlizonazo: kama ni nzima na iko chumba kinachowaka saa mbili kwa siku, iacheni imalize muda wake. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2022 kwamba zile za wati 30 kushuka chini zisitengenezwe wala kuuzwa nje na kuingizwa baada ya mwaka 2025, kwa hiyo zitaendelea kupungua madukani zenyewe. Sababu ni zebaki iliyo ndani. Ni chache, miligramu chache tu, lakini watoto wetu wanaokota tyubu jalalani na kuzivunja kwa kushindana. Yetu iliyokufa tunairudisha kwenye boksi lake, inafungwa kwa selotepu na kuwekwa juu ya kabati la stoo, mbali na mikono midogo. Ikivunjika ndani, toa watoto, fungua madirisha na mlango, zima feni, subiri dakika kumi na zaidi. Usifagie kwa ufagio, unaitawanya. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, unga uliobaki ubandue kwa selotepu, futa sakafu kwa kitambaa kibichi, vyote tia kwenye chupa au mfuko unaofungwa vizuri, kisha osha mikono kwa sabuni.